Carina Ti inakula mafuta na haiwaki ikiwa ya moto. Fundi anasema ni sensa ya joto, mwaionaje?

#1 Kidagaa Mbichi
Wakuu, habari. Nina Carina Ti ya 1997, injini 5A-FE, gia otomatiki, nipo Dar. Asubuhi inawaka bila shida ila inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mpaka jirani ananuna. Balaa ni ikishapata moto. Nikizima nikaingia dukani, nikitoka starta inazungusha vizuri kabisa lakini injini haishiki. Nikiiacha ipoe, inawaka kama haijawahi kuumwa. Mafuta ndiyo usiseme: zamani nilikuwa napata kilomita 12 kwa lita, sasa hivi 7, tena nikiendesha kwa adabu.

Fundi wa kwanza alisema plagi, zikabadilishwa. Wa pili akasema sensa ya joto la maji, tukaweka ya mtumba, hali ni ile ile. Sasa anadai hiyo ya mtumba nayo ni kimeo, ninunue mpya. Kabla sijatoa hela nyingine, kuna namna ya kujua kwamba kweli ni sensa? Taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki, kwa hiyo mimi nilidhani mfumo wa umeme hauna shida.

#2 Nyundo Moja
Uza, chukua IST. Uzi ufungwe.

#3 Ras Gerezani
Mkuu, hiyo ni sensa, wala usizunguke. Sensa ya joto ikichoka inaiambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) kwamba injini bado ya baridi. Kontrol boksi inaongeza mafuta kama vile ni alfajiri. Injini ikiwa ya moto halafu unamwagiwa mafuta ya alfajiri, unategemea iwake? Njoo Gerezani hapa uchukue iliyotoka Japani. Hizo mpya za maboksi yanayong'aa zitakurudisha huku huku.

#4 Mama Swaumu
Ras, wewe ni daktari mwenye duka la dawa, mgonjwa hatoki kwako mikono mitupu.

Kidagaa, mimi nina Corolla 110, injini ni hiyo hiyo ya kwako. Ilinisumbua kwa moshi mweusi na kula mafuta, nikabadilishiwa sensa ya joto, nikabadilishiwa na sensa ya oksijeni, pesa ikaenda. Mwisho kijana mmoja hapa Tanga akashika kile kipira chembamba kinachotoka kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) kwenda kwenye sensa ya presha ya hewa, ile iliyofungwa ukutani nyuma ya injini. Kilikuwa kimekauka na kupasuka. Akaweka kipira kipya, moshi ukaisha siku hiyo hiyo. Anza na cha bei rahisi.

#5 Mzee wa Spana
Alichosema Mama Swaumu kina mantiki na nitaeleza kwa nini. 5A-FE haipimi hewa kwa ile mita inayokaa kwenye bomba la hewa kama magari mengi ya sasa. Inapima presha iliyomo ndani ya manifoldi, kisha inakadiria hewa iliyoingia. Ukikanyaga mafuta, presha ya manifoldi inakaribia ile ya nje, kontrol boksi inaelewa kuna mzigo na inaongeza mafuta. Kipira kikipasuka, sensa inavuta hewa ya nje muda wote. Injini inaambiwa inapanda mlima wakati imesimama kwenye taa.

Lakini nina swali la kwanza kabla ya yote. Kidagaa, hiyo sensa waliyobadilisha ina waya ngapi?

#6 Kidagaa Mbichi
Mmoja, Mzee. Ni kitu kidogo cha shaba, kichwani kina kipini kimoja. Kwani?

#7 Mzee wa Spana
Basi hujabadilisha sensa ya kontrol boksi. Umebadilisha ya mshale wa dashibodi.

Kwenye injini hiyo kuna vitu vitatu vinavyosoma joto la maji na watu wanavichanganya kila siku. Chenye waya mmoja kinapeleka habari kwenye mshale tu, injini haikijui. Chenye waya mbili, mara nyingi soketi yake ni ya kijani, ndicho kinachoongea na kontrol boksi. Cha tatu ni swichi ya feni, hiyo kazi yake ni kuwasha na kuzima feni. Ukichomoa soketi ya swichi ya feni kwenye Toyota za umri huo, feni inaanza kuzunguka yenyewe ufunguo ukiwa ON, hiyo ni njia nzuri ya kuitambua. Tafuta yenye waya mbili.

#8 Nyundo Moja
Hahahaha. Fundi kabadilisha sensa ya mshale, halafu akakwambia ya mtumba ni kimeo. Huyo kimeo ni nani hapo?

#9 Ras Gerezani
Nilisema sensa. Sikusema ya waya mmoja.

#10 Kisauni Boy
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu fundi wa jua kali angekuuzia kontrol boksi nzima, kwa hivyo shukuru. Mimi nina Corolla ya zamani, na jambo nililojifunza ni moja: usinunue kitu kabla hujakipima. Ile sensa ya waya mbili inapimwa na mita ya kawaida ya umeme. Chomoa soketi, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), shika pini mbili. Injini ikiwa baridi ya asubuhi unafaa kupata kati ya omu 2,000 na 3,000 kwa nyuzi 20. Pwani asubuhi si nyuzi 20, kwa hivyo itakuwa chini kidogo. Ikifika nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Joto likipanda, omu zinashuka. Ukiona ya moto bado inasoma elfu moja na kitu, sensa inadanganya.

#11 Mbeya Baridi
Njia nzuri zaidi ni kuichomoa na kuichemsha kwenye sufuria ukiwa umefunga waya za mita. Maji yakichemka unajua ni nyuzi 100, unasoma omu zake hapo.

#12 Injinia Bubu
Mbeya Baridi, kwako huko mita 1,700 juu ya bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kidagaa akiwa Dar ndiyo atapata 100. Wewe ukipima hapo ukasema sensa inasoma juu kuliko inavyotakiwa, utatupa sensa nzima. Tumia kipima joto, hata cha dukani.

#13 Mbeya Baridi
Sawa profesa. Maharage yetu yanajua.

#14 Mama Swaumu
Na sufuria isiwe ya chai tafadhali. Sensa imelala kwenye maji ya rejeta yenye kuleni, dawa ya rejeta, miaka yote hiyo. Ile kuleni ni sumu.

#15 Injinia Bubu
Nirudi kwenye kitu alichosema Kidagaa pale #1, kwamba taa ya injini haiwaki. Mkuu, unasema haiwaki ukiwa unaendesha, au haiwaki kabisa? Weka ufunguo ON bila kuwasha gari. Taa ya injini lazima iwake pamoja na ya betri na ya oili. Kama haiwaki hapo, usiseme gari halina kosa, huenda taa yenyewe haipo.

Ikiwa ipo, fungua boneti, utaona kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ON, injini haijawashwa. Taa itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kukatika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, kisha mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni. 31 ni ile ya presha aliyoisema Mama Swaumu. 41 ni ya mlango wa hewa. 12 na 13 ni mawimbi ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta (kile kinachogawa moto kwa plagi). Huhitaji mashine ya mtu. Vile vidude vya bluetooth vya kuchomeka havitaongea na gari la Japani la mwaka huo, usipoteze hela.

#16 Nyundo Moja
TE1 na E1, usikosee tundu. Jamaa yangu aliunganisha waya wa umeme wa pampu na ethi (waya wa kurudisha umeme) akachoma fyuzi, akaanza kulia anasema gari limelogwa.

#17 Kidagaa Mbichi
Wakuu nimefika kwenye gari sasa hivi. Ufunguo ON: ya betri inawaka, ya oili inawaka, ya breki inawaka. Ya injini hakuna.

#18 Ras Gerezani
Hahaha. Uliuziwa bila balbu.

#19 Mzee wa Spana
Hii ni biashara ya zamani. Mtu anataka kuuza gari lenye taa ya injini, anaona kutengeneza ni gharama, anafungua dashibodi anatoa balbu. Wengine wanabandika utepe mweusi. Tafuta fundi umeme aifungue, balbu yenyewe ni ndogo na ya bei ndogo. Kabla hujanunua gari lolote la zamani, hilo la ufunguo ON ndilo la kwanza kuangalia, hata kabla ya rangi.

#20 Mpemba wa Chake
Ndugu zangu, mie nimesoma huu uzi toka juu, nna neno moja. Sisi wa visiwani na nyie wa Dar mnaokaa karibu na bahari, tatizo letu ni chumvi. Sensa yaweza kuwa nzima kabisa ukiipima mkononi, lakini waya wake wa ethi, ule unaorudi kontrol boksi, umeota kutu ya kijani kwenye soketi. Pale ukinzani unaongezeka. Kontrol boksi haioni sensa peke yake, inaona sensa pamoja na kutu. Omu zikizidi, yenyewe inafahamu injini ni baridi, inamwaga mafuta. Mimi gari yangu nilisafisha tu ethi kwa msasa, nikaipaka grisi, ikakaa sawa.

#21 Injinia Bubu
Mpemba, hilo ni jambo la maana sana na wengi hawalipimi. Njia ya kulithibitisha si omu, ni volti. Soketi ikiwa imechomekwa na ufunguo ON, pima kwenye kontrol boksi kati ya waya wa THW (ishara ya sensa ya joto) na E2 (ethi yake). Maji yakiwa nyuzi 80 inatakiwa kati ya volti 0.2 na 1. Ukipata juu ya hapo huku sensa yenyewe ikisoma omu sahihi, shida ni waya au ethi.

#22 Mbeya Baridi
Mimi bado naamini ni mafuta ya kituo. Mafuta yetu yana risasi, ndiyo inaua hizo sensa za oksijeni. Na huku juu hewa ni nyepesi kwa hiyo gari lazima lile zaidi.

#23 Mzee wa Spana
Yote mawili hapana. Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, baada ya nchi kukubaliana Dakar 2001. Dunia nzima Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho, 2021. Kweli risasi inaua sensa ya oksijeni, lakini hiyo ni habari ya zamani. Na hewa nyepesi: sensa ya presha inaona presha imeshuka, kontrol boksi inapunguza mafuta. Huko kwako nguvu inapungua, ila mafuta hayamwagiki kwa sababu hiyo. Kama linakunywa sana ni milima ya kwenu na mguu wako.

#24 Nyundo Moja
Mguu wa Mbeya Baridi unavaa gambuti.

#25 Ras Gerezani
Lakini uchakachuaji upo, Mzee. Kabla EWURA, wasimamizi wa nishati, hawajaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, watu walikuwa wanachanganya na mafuta ya taa waziwazi. Nilikuwa napokea pampu za mafuta zimekufa kila wiki.

#26 Mzee wa Spana
Hilo silikatai. Ila mafuta ya taa yangeifanya igome asubuhi zaidi kuliko ikiwa ya moto. Ya kwake ni kinyume.

#27 Kidagaa Mbichi
Samahani nilipotea, kazi. Balbu imewekwa. Taa inawaka ufunguo ukiwa ON, na nikiwasha injini taa inazimika. Nimeunganisha TE1 na E1. Imepepesa 21, kisha 22, inarudia. Omu za sensa ya waya mbili: asubuhi kabla ya kuwasha 1,850, baada ya kuzunguka mjini 420 hivi. Kipira cha presha kilikuwa kigumu kama mti, kimepasuka mwishoni, nimekata nikaweka kipya. Moshi mweusi umepungua sana. Kuwaka ikiwa ya moto bado vile vile.

#28 Mama Swaumu
Kipira!! Nilisema. Asante kwa kurudi na majibu, wengine wakishapona hatuwaoni tena.

#29 Ras Gerezani
Na 22 je? 22 ni sensa ya joto la maji, kama nilivyosema kwenye #3.

#30 Kisauni Boy
Ras, subiri kidogo. Hizo Toyota zinahifadhi kosa mpaka mtu aondoe fyuzi ya EFI au terminali ya betri. Fundi akichomoa soketi ya waya mbili ufunguo ukiwa ON, kontrol boksi inaandika 22 na haifuti yenyewe. Hao mafundi wawili wamechezea huko. Na omu zake ni za sensa nzima: 1,850 kwa asubuhi ya Dar ni sawa kabisa. Kidagaa, toa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika hivi, rudisha, endesha, soma upya.

#31 Injinia Bubu
Niongezee. Kosa la 22 linaandikwa pale waya umekatika au umegusana, yaani usomaji umetoka nje kabisa ya mipaka. Sensa inayosoma joto la uongo lakini lililo ndani ya mipaka haiandiki kosa lolote. Kwa hiyo 22 ikipotea haimaanishi sensa ni nzima, na 22 ikiwepo haimaanishi sensa ni mbovu. Namba inakuelekeza kwenye waya gani uanze kupima. Haikwambii nunua nini.

Kuna jaribio jingine zuri. 22 ikiwepo, kontrol boksi inaacha kuiamini sensa na inachukulia maji yana nyuzi 80. Gari likigoma likiwa la moto, chomoa soketi ya waya mbili, jaribu kuwasha. Likiwaka, basi sensa au waya wake ndio unaodanganya, kwa sababu bila sensa mambo yamekuwa mazuri kuliko ikiwa nayo.

#32 Mpemba wa Chake
Akishafanya hivyo afute kosa tena, la sivyo atakuja hapa na 22 nyingine tuanze ngoma upya.

#33 Mzee wa Spana
Kidagaa, kitu kimoja kimenikaa. Umesema baada ya kuzunguka mjini omu ni 420. Hiyo ni chini ya nyuzi 80, karibu na 70. Mshale wa joto kwenye dashibodi unakaa wapi?

#34 Kidagaa Mbichi
Upo chini ya nusu, Mzee. Nilikuwa najivunia hiyo, gari halichemshi kabisa.

#35 Mzee wa Spana
Muulize aliyekuuzia au fundi wako kama kuna themostati.

#36 Kidagaa Mbichi
Fundi anasema waliitoa zamani, "nchi yetu ni ya joto, ile ni ya Wazungu wa baridi".

#37 Mzee wa Spana
Nimechoka kusikia hiyo kauli. Japani wana majira ya joto makali na hawatoi themostati. Themostati ya injini hiyo inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kabla ya hapo inayazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto lake. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, kwenye barabara ya Chalinze kwa mwendo wa 80 injini inapoa. Sensa hapo haidanganyi, inasema ukweli: injini ni ya baridi. Kontrol boksi inaongeza mafuta kwa haki kabisa. Oili haifiki joto la kukausha maji yaliyomo ndani yake, unapata uji mweupe kwenye kifuniko. Gari linalochemsha lina sababu, rejeta imeziba au kifuniko chake kimelegea au feni imekufa. Kutoa themostati ni kuficha.

#38 Mbeya Baridi
Mimi yangu imetolewa na haina shida.

#39 Nyundo Moja
Ndiyo maana inakula, Mbeya Baridi. Hewa nyepesi imesingiziwa bure.

#40 Ras Gerezani
Mzee, kwenye foleni ya Mandela gari bila themostati linapata moto tu kama kawaida. Themostati itaeleza mafuta, haiwezi kueleza kwa nini haiwaki ikiwa ya moto. Hapo mnaruka.

#41 Mama Swaumu
Leo Ras kasema kweli, mniwekee alama kwenye kalenda.

#42 Ndugu Koili
Nimekaa kimya nawasoma. Mmesahau moto wa plagi. Injini hii ina distribyuta. Ndani yake kuna koili ndogo za kusoma mzunguko, na pembeni kuna igniter, kifaa cha kuamrisha cheche. Vitu hivyo vikizeeka, vikipata joto vinakata, vikipoa vinarudi. Gari linagoma likiwa la moto, linawaka likipoa, hiyo ndiyo tabia yake. Pale kwenye koili, nafasi kati ya jino na koili inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.2 na 0.4. Beringi ya distribyuta ikilegea nafasi hiyo inacheza. Kidagaa, siku nyingine likigoma chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya zamani, iguse kwenye injini, mtu azungushe. Cheche ni ya bluu yenye nguvu, au ya njano inayojikongoja?

#43 Injinia Bubu
Kama ni koili za distribyuta tungetarajia kuona 12 au 13 kwenye taa, Ndugu Koili.

#44 Ndugu Koili
Ingekata kabisa ungeiona. Ikidhoofika tu haiandiki, kama ulivyosema mwenyewe pale #31 kuhusu sensa ya joto. Sheria hiyo haiko kwa sensa moja.

#45 Kidagaa Mbichi
Majibu mapya. Nimefuta makosa kwa fyuzi ya EFI, nimeendesha siku kadhaa. 22 haijarudi. 21 imerudi.

Nimejaribu kuchomoa soketi likiwa limegoma: mara ya kwanza likawaka hapo hapo, nikafurahi. Jana nimefanya tena, likagoma. Nikakanyaga mafuta mpaka chini huku nazungusha, likawaka kwa shida na moshi mweusi. Plagi nilizitoa, mbili zimelowa petroli, nyingine zina masizi tu.

#46 Mzee wa Spana
Kukanyaga mpaka chini kunaingiza hewa nyingi, na limewaka. Basi silinda zina mafuta kupita kiasi. Plagi mbili zimelowa na si nne. Mimi naanza kushuku nozeli, zile zinazopuliza petroli. Zikiwa za umri huu, ukizima gari presha ya mafuta inabaki kwenye bomba, nozeli yenye kiti kilichochakaa inadondosha polepole ndani ya manifoldi ya moto. Ndiyo maana dakika chache baada ya kuzima ni mbaya, na ukiacha muda mrefu petroli inavukiza na gari linawaka.

#47 Ndugu Koili
Au mafuta yapo sawa ila moto ni dhaifu kwa silinda mbili. Cheche ikiwa dhaifu plagi nayo inalowa. Kulowa kwa plagi hakukwambii nani ana kosa, kunakwambia tu petroli haikuungua. Waya za plagi za silinda hizo mbili umezipima?

#48 Ras Gerezani
Na 21? Sensa ya oksijeni imerudi bila kuguswa na fundi yeyote. Hiyo ndiyo inamwaga mafuta.

#49 Injinia Bubu
Ras, sensa ya oksijeni haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi 300 na kitu. Wakati wa kuwasha gari kontrol boksi haiisikilizi kabisa. Inaweza kuchangia ulaji wa mafuta ukiwa barabarani, ila ya kugoma si yake. Isitoshe imeoga masizi miezi yote hii, 21 inaweza kuwa matokeo badala ya chanzo. Kaiendeshe kwa kipira kipya na themostati, uone kama itajisafisha, kisha pima volti zake: injini ikiwa ya moto inatakiwa kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia.

Mimi naweka mezani kitu kingine: kapasita ndani ya kontrol boksi. Magari ya miaka ya tisini, zile kapasita zinavuja maji yake na kula njia za shaba. Dalili zake hazina mpangilio, leo soketi ukichomoa linawaka, kesho haliwaki. Fungua kontrol boksi, nusa. Ukisikia harufu ya samaki na kuona madoa chini ya kapasita, umeshapata.

#50 Mpemba wa Chake
Kabla hajafungua kontrol boksi ya watu, asafishe ethi. Mbona mnaiogopa ethi? Haina gharama hata senti.

#51 Kisauni Boy
Sisi huku KEBS (shirika la viwango la Kenya) hawaruhusu gari kuingia likiwa limezidi miaka 8, kwa hivyo wakongwe tulionao wamezeekea mikononi mwetu, tunajua kila jeraha. Nyie mnaletewa wazee ambao hamjui walilala wapi. Anza na ethi, Mpemba yuko sawa.

#52 Nyundo Moja
Kisauni, ninyi mnalia kodi tu. Sisi tunalipia mpaka uchakavu halafu tunaambiwa balbu haikujumuishwa.

#53 Kidagaa Mbichi
Ethi nimesafisha leo, kweli ilikuwa na ukijani. Volti za THW na E2 kabla ya kusafisha 1.3, baada ya kusafisha 1.1, injini ikiwa ya moto wa kawaida yake. Sijui niseme imepona au la.

#54 Injinia Bubu
Hazina maana bado. Huna themostati kwa hiyo hujui kama hapo maji yalikuwa nyuzi 80 au 65. 1.1 kwa maji ambayo hayajafika nyuzi 80 si ajabu.

#55 Mzee wa Spana
Ndiyo maana nasema themostati kwanza, vipimo baadaye. Kisha nozeli zipelekwe kuoshwa na kupimwa kama zinadondosha.

#56 Ndugu Koili
Cheche kwanza. Ni bure, na inachukua muda mfupi kuliko kufungua nozeli.

#57 Ras Gerezani
Themostati ninayo. Sensa ya oksijeni ninayo. Nozeli nne ninazo. Distribyuta nzima ninayo, ya 5A, imetoka juzi.

#58 Mama Swaumu
Kidagaa, usiingie kwa Ras na hela yote mfukoni.

#59 Tumbo Joto
Wakuu naomba kuuliza hapa hapa, mimi nina Noah SR40, ikiwa ya moto gia haiingii D mpaka nizime niwashe. Itakuwa sensa gani?

#60 Nyundo Moja
Fungua uzi wako. Na kabla ya kufungua, weka ufunguo ON utuambie kama balbu ipo.